Upekuzi wa Golnar Farahmand

Golnar Farahmand alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja alipoelezwa, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba mapenzi yake kwa shangazi yake ni jambo la kuitia serikali wasiwasi.

Aliishi Huntsville, Alabama, mji ambao nusu ya watu wake hutengeneza roketi na nusu nyingine huwauzia chakula hao watengeneza roketi. Kwa miaka mingi alikuwa upande wa hali ya hewa: kazi yake ilikuwa kubuni vidude vinavyofungwa kwenye maputo kupima joto na upepo wa juu. Ilikuwa kazi nzuri, na alikuwa ameimaliza. Hapakuwa na jipya la kujifunza. Ndipo mkuu wa kitengo cha pili, kule upande wa jengo ambako watu huacha simu zao mlangoni kwenye visanduku, akamwomba ahamie kwake aongoze kikundi cha vipima-mwelekeo vya makombora. Golnar alikubali bwana yule akiwa bado anaeleza. Lakini mlango ule hauvukwi bila kibali cha kushika siri za serikali, na kibali hakitolewi mpaka mtu apekuliwe.

Aliyemwanzisha safari hiyo ni Glenda Pickard, afisa usalama wa kampuni, mama wa makamo ambaye nywele zake zilipuliziwa dawa hata kimbunga kisingezitikisa. Alimketisha mbele ya kompyuta, akavuta kiti chake karibu, wakaanza kujibu maswali. Umeishi wapi na wapi. Nani anakumbuka kwamba uliishi hapo. Umefanya kazi kwa nani, uligombana na nani, umesafiri kwenda wapi. Yote hayo yalikwenda vizuri. Walipofika kwenye ndugu walio nchi za nje, Glenda alishusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili tu.

"Sasa hapa, mpenzi, wanataka kujua huyu shangazi yako wa Shiraz mnaongea mara ngapi. Mara mbili tatu kwa mwaka, siyo? Salamu za mwaka mpya."

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa ya Mungu, Glenda. Saa moja asubuhi, kabla sijaja kazini."

Glenda alivua miwani. Akasema hamwambii mtu adanganye, hajawahi na hatathubutu, maana kudanganya pale ni kosa la jela. Anasema tu kwamba kuna watu kumbukumbu zao huwa hazishiki sana mambo ya namna hiyo.

"Zangu zinashika," Golnar akasema. "Andika kila Ijumaa."

Wala haikuwa ukaidi wa bure. Mama yake Golnar alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba yake, Bahman, aliondoka mapema kwenda Marekani kutafuta maisha. Aliyebaki na mtoto ni Effat, dada yake Bahman. Effat ndiye aliyemfundisha kusoma, akamtoa chawa, akamlaza godoro moja na mwanawe Kamran, akamtetea kwa mwalimu wa hesabu aliyesema wasichana hawana kichwa cha hesabu. Baba alipomwita, Golnar alikuwa na miaka kumi na miwili, na shangazi ndiye aliyemshika mkono mpaka uwanja wa ndege. Tangu siku hiyo hawakuonana tena ana kwa ana. Kilichobaki kilikuwa sauti tu, nayo ilikuja siku za Ijumaa.

Baada ya wiki kadhaa alikuja mpekuzi. Jina lake Dewitt Raines, polisi mstaafu, mrefu, viatu vimekwisha visigino kwa kupanda ngazi za watu. Walikaa kwenye chumba kidogo pale kazini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Raines aliuliza kama anavyouliza daktari, bila haraka na bila kushangaa. Kama anakunywa. Kama amewahi kuvuta bangi. Kwa nini aliachana na mumewe, na kama huyo mume ana neno la kusema. Akafika kwa Kamran, binamu yake.

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko shirika la umeme. Anasoma mita."

"Shirika la serikali?"

"Umeme wote kule ni wa serikali."

"Kwa hiyo analipwa na serikali ya kule," Raines akasema huku akiandika.

"Anasoma mita za umeme, Bwana Raines."

"Nimekusikia. Naandika yote mawili." Akamtazama kidogo, kisha akamweleza kwamba yeye hampi mtu kibali wala hamnyimi. Anakusanya maneno ya watu na kuyapeleka kwa wengine, ambao watayasoma bila kumwona mtu wala kumsikia. "Ndiyo maana nauliza mara mbili mbili. Nisichokiandika mimi, kule hakipo."

Golnar aliondoka pale akimheshimu, ingawa kichwa kilimuuma.

Raines alizunguka mtaa mzima. Habari za mzunguko huo zilimfikia Golnar kupitia kwa Bi. Odom, mjane wa nyumba ya pili, aliyemvizia uani siku ya Jumamosi akiwa na mkasi wa maua mkononi.

"Kuna mwanamume alikuja kukuulizia," Bi. Odom akasema. "Nikadhani anataka kukuoa. Nikampa chai ya baridi na keki kabla hajanionyesha kitambulisho."

"Aliuliza nini?"

"Kama unakunywa. Nikamwambia laiti ungekunywa, tungekunywa wote. Kama wageni wa kutoka nje huja kwako. Nikamwambia mgeni ninayemwona ni baba yake tu, naye anaishi humo humo, na kila siku ananikosoa ninavyopogoa waridi." Alikata ua moja lililonyauka. "Mwishoni akaniuliza kama ningekuamini na mambo ya nchi. Nikamwambia ufunguo wa nyumba yangu uko kwako tangu nilipovunjika nyonga. Aende akaandike hivyo."

Basi ikawa kungoja. Majira ya baridi yakapita, miti ya mtaani ikachanua, na mkuu wa kitengo cha pili alipokutana na Golnar mgahawani alianza kumsalimia kwa haraka, kama mtu mwenye deni la maneno. Hatimaye jibu likaja, nalo halikuwa ndiyo wala hapana. Lilikuwa barua ya sababu za kusita kumpa kibali. Haikumtuhumu kwa lolote. Ilisema tu kwamba anaye shangazi aliyemlea kama mama, na binamu anayelipwa na serikali isiyoitakia Marekani mema, na kwamba watu hao wawili wanaweza kutumiwa kama ndoana ya kumvutia. Alikuwa na haki ya kujibu, na akitaka, ya kusikilizwa na hakimu.

Mkuu wa kitengo alimwita. Akamwambia kwa upole kwamba anaweza kuondoa ombi lake kimya kimya na kurudi kwenye maputo, na hakuna atakayemcheka. Kikundi kinahitaji kiongozi sasa. Hakiwezi kungoja milele.

"Mpe mwingine nafasi," Golnar akamwambia. "Mimi naenda kusikilizwa."

"Hata kama nafasi haipo tena?"

"Nafasi ni yako, unaweza kumpa yeyote. Lakini jina ni langu, na sitaki liachwe pale na alama ya kuuliza mbele yake."

Nyumbani, Bahman aliisoma ile barua akiwa amesimama, miwani puani, sufuria ya wali ikitoa mvuke nyuma yake. Alikuwa mzee wa sabini na kitu, fundi mstaafu wa viyoyozi, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliikunja barua, akairudisha mezani, akapakua chakula, na ule ukoko wa wali ambao huwa wanagombania aliuweka wote kwenye sahani ya binti yake.

Ijumaa iliyofuata shangazi hakupokea simu.

Golnar alipiga tena jioni ya kule, kukawa kimya. Akampigia Kamran, akaambiwa mama mzima wa afya, ametoka kwenda kwa majirani. Ijumaa ya pili alikuwa amelala. Ya tatu, kwa fundi cherehani. Kamran hakuwa mwongo hodari. Kila sababu aliitoa kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Miezi ikaenda hivyo. Kila Ijumaa Golnar alikaa na simu mkononi mpaka chai inapoa, kisha anakwenda kazini.

Aliyemtobolea jibu ni baba yake mwenyewe, bila kukusudia. Walikuwa jikoni wanakata majani ya kitoweo, tarehe ya kusikilizwa imekaribia, na Bahman akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kwamba hakimu akiuliza lini alizungumza na shangazi mara ya mwisho, hana haja ya kutunga kitu. Aseme ukweli. Ni miezi.

Golnar aliweka kisu chini.

"Baba. Ulimwambia nini?"

"Nani?"

"Baba."

Bahman aliendelea kukata majani, madogo kuliko ilivyohitajika. Akasema alimpigia Effat siku ile ile barua ilipofika. Alimwambia mtoto amepata nafasi kwenye kazi kubwa ya serikali, watu wanampekua, wanahesabu simu zake, na kila anapopokea simu anamvuta mtoto nyuma. Effat aliuliza swali moja tu, kama ni kweli, na alipoambiwa ni kweli alisema basi hatapokea tena. Hakulia. Yeye Bahman ndiye aliyelia, gereji, ili binti yake asimsikie.

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema. "Sasa una jibu safi. Si uongo. Hujaongea naye, wamwulize yeyote."

"Ni uongo uliovaa nguo za ukweli," Golnar akasema. "Na umemwambia mtu aliyeko Iran kwamba nataka kibali. Unajua maana yake? Umeitengeneza ndoana yenyewe, baba, umewapa mkononi."

"Effat hawezi kumwambia mtu!"

"Najua. Lakini hakimu hajui, na mimi itabidi nimwambie."

Bahman alimwangalia kama hamjui. Akamuuliza kwa nini alifungue jambo ambalo dunia nzima haina habari nalo. Akamkumbusha paa za nyumba alizopanda kwenye jua la Alabama ili yeye asome. Golnar alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akamwambia kwamba anamshukuru kwa kila paa, na kwamba siku ya kusikilizwa anamtaka aje naye, aseme kwa kinywa chake alichofanya. Bahman alinawa mikono, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Kesho yake Golnar alimpigia Kamran. Hakumpa nafasi ya kutafuta sababu.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yupo... anamenya maharage."

"Nenda pale alipo. Usimwambie kitu. Mwekee simu sikioni."

"Atanichapa, Golnar."

"Una miaka arobaini na mitatu. Vumilia."

Alisikia nyayo, mlango, sauti ya mwanamke ikiuliza nini tena. Kisha pumzi.

"Shangazi, ni mimi. Usikate."

Golnar alisikia ganda la haragwe likipasuka; mikono ya yule mama ilikuwa haijaacha kazi.

"Mwanangu, nimekuwa mzigo," Effat akasema hatimaye. "Nilikulea uende mbele. Acha niwe kama nimekufa, itakurahisishia."

"Sikukuomba hivyo. Nikipata kazi kwa sababu wewe umejifanya umekufa, kila siku nitakuwa naenda matangani. Sitaki. Habari za kazi yangu hatuzungumzi. Hatukuzungumza zamani na hatutazungumza kesho. Tutazungumza magoti yako yanayokuuma. Ijumaa nakupigia, na utapokea."

"Umekuwa mkali."

"Nimelelewa na mkali."

Effat akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi, na Ijumaa ile akapokea simu mlio wa kwanza.

Golnar hakungoja siku ya hakimu. Jumatatu alikwenda kwa Glenda, akamweleza yote: simu ya baba yake, kimya cha miezi, na jinsi alivyokivunja. Glenda aliandika, akaacha kuandika, akamwambia kwamba katika miaka yake yote pale watu huja kwake wakiwa wameshikwa. Yeye anakuja akiwa hajaulizwa. Hakuna ambaye angelijua jambo hili.

"Wewe umeshalijua," Golnar akasema. "Malizia kuandika."

Walisikilizwa katika chumba cha kawaida kwenye jengo la mahakama: meza tatu, bendera, jagi la maji. Hakimu alikuwa mzee mmoja aitwaye Lindqvist, aliyesafiri kutoka Virginia na mafua yake. Upande wa serikali alikuwapo wakili mwanamke, Bi. Ashworth, kijana, mkavu, mwenye adabu. Golnar hakuchukua wakili. Rafiki zake walimsihi achukue, akakataa. Alisema anayepimwa ni yeye, basi asemapo asikike yeye. Bahman alikuja, ndani ya suti yake ya misibani, lakini alikataa kuingia. Alikaa kwenye benchi la nje akitazama ukuta.

Glenda alitoa ushahidi kwamba huyu mtu ni mwaminifu mpaka anachosha. Kisha ikaja zamu ya Golnar, na Bi. Ashworth akamuuliza lini alizungumza na shangazi yake mara ya mwisho.

"Ijumaa iliyopita. Na leo ingekuwa Ijumaa ningezungumza naye asubuhi." Akaeleza habari ya miezi ya kimya na aliyeisababisha. Hakimu aliacha kupenga kamasi, akauliza kama huyo baba yupo karibu. Akaambiwa yupo nje. Akaitwa.

Bahman aliingia taratibu, akaapa, akakaa wima. Alipoulizwa alimwambia nini hasa dada yake, alirudia neno kwa neno. Alipoulizwa kama alijua hilo lingeweza kumdhuru binti yake, alisema hapana, alidhani anamsaidia.

"Ningemuuliza kwanza, angenikataza," akasema. "Ndiyo maana sikumuuliza. Huyu mtoto ukimwambia apite dirishani, atakuambia mlango uko wapi."

Hakimu alimshukuru. Bahman hakurudi nje. Alikwenda kukaa nyuma ya binti yake.

Ndipo Bi. Ashworth alipouliza swali ambalo Golnar alikuwa akilingoja tangu siku ya kwanza kwa Glenda.

"Bibi Farahmand, siku moja simu inalia. Mtu usiyemjua anakuambia yuko na shangazi yako. Anataka kitu kidogo tu kutoka kazini kwako. Utafanya nini?"

Golnar alikunywa maji.

"Kwanza nitalia," akasema. "Sitakuficha. Kisha nitamwita Glenda, na Glenda atawaita wanaohusika, kabla machozi hayajakauka. Yule mtu hatapata kitu kutoka kwangu, hata kile kidogo."

"Hata ukijua kwamba watamdhuru?"

"Ndiyo. Watu wa namna hiyo hawarudishi mtu. Ukiwapa kidogo leo watamshikilia ili uwape kesho. Sitamwokoa kwa njia hiyo. Nitawauza watu wengine tu, na yeye atabaki mikononi mwao." Akaona bado hajamaliza. "Mnaweza kudhani ingekuwa salama zaidi kama nisingempenda. Nilielekezwa kidogo nijifanye hivyo. Lakini mtu anayekuja mbele yenu kumkana mama aliyemlea ili apate kazi, mimi ndiye nisingempa siri zenu."

Bi. Ashworth aliandika kitu, akasema hana swali lingine.

Ndani ya gari wakirudi, baba na binti walifika taa za makutano ya mwisho. Hapo Bahman akasema hakupenda kuitwa mbele za watu kama mwizi. Golnar akamwambia hakuitwa kama mwizi. Mzee akajibu kwamba hata hivyo hakupenda. Akaongeza kwamba yule hakimu anahitaji kufukizwa, mafua yake si ya vidonge.

Hukumu ilichelewa mpaka majani yakaanza kupukutika tena. Glenda alikuja nayo mwenyewe, kwa miguu, mpaka upande wa maputo. Kibali kimetolewa. Hakimu aliandika kwamba hatari ipo kweli na hakuipuuza. Lakini upande wa pili wa mizani kulikuwa na mtu aliyeishi humu tangu utoto, mwenye majirani wanaomkabidhi funguo, na aliyeleta mwenyewe habari iliyoweza kumwangusha, wakati kunyamaza kungemfaa zaidi. Serikali haikukata rufaa.

Cheo cha kuongoza kikundi kilikuwa kimeshachukuliwa na mwingine. Golnar aliingia kitengo cha pili kama mhandisi wa kawaida, chini ya kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mmoja, na wiki ya kwanza alirudi nyumbani kila jioni amechoka na amefurahi, maana kulikuwa na mengi asiyoyajua.

Hakukaa muda mrefu kabla ya kubisha tena mlango wa Glenda.

"Mwenye kibali akitaka kwenda nje ya nchi anatoa taarifa mapema, sivyo?"

"Unakwenda wapi, mpenzi?" Glenda aliuliza, na sauti yake ilionyesha kwamba anajua.

"Uturuki, mji wa Van. Kamran anaweza kumleta mama yake kwa basi. Mpaka si mbali na pale, na magoti bado yanamruhusu. Nataka kumwona kabla hayajamkatalia."

Glenda aliegemea kiti. Akasema wino wa hukumu haujakauka. Akasema kuna wanaokaa miaka kumi kwenye kitengo kile bila kuthubutu kuvuka hata kwenda Kanada. Watauliza maswali yote upya. Raines anaweza kurudi.

"Arudi. Bi. Odom atafurahi," Golnar akasema, akavuta kiti.

Walikuwa katikati ya kujaza tarehe simu ya mezani ilipolia. Glenda alisikiliza, akakunja uso, akampa. Alikuwa Bahman. Hakuwahi kumpigia binti yake kazini, na alikuwa ameitafuta namba hiyo mwenyewe.

"Uko kwa yule mama wa usalama?"

"Ndiyo, baba."

"Umeshaandika watu wangapi wanaosafiri?"

"Mmoja."

Mzee alikohoa kidogo. Sauti ya redio ya jikoni ilisikika nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Andika wawili," akasema. "Nami nina ya kumwambia Effat, na hayafai simuni."